Nyundo ya Mama Genowefa

Nasema hivi, na mtu asinibishie: hapa mjini kwetu Bydgoszcz, tarehe ishirini na nne Desemba, ukikuta samaki hai kwenye beseni la kuogea, huulizi. Unatafuta nyundo ya mbao, umuue kwa ajili ya mlo wa mkesha wa Krismasi. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo nilivyoponea chupuchupu kumpoteza Mkurugenzi.

Mkurugenzi ni samaki wangu, wa ukoo mmoja na sato, ila huyu ana nundu kichwani na roho mbaya. Kilo nzima ya kisirani! Miaka tisa namlea, na kila mwenzake niliyemletea kamuua. Nampenda hadi naona aibu.

Jana yake alimwona adui kwenye kioo cha tangi, akamvamia. Kumbe ni yeye mwenyewe! Kioo kikapata ufa. Nikamhamishia bafuni kwenye maji ya uvuguvugu, na asubuhi nikatoka mbio kutafuta gundi. Mume wangu Ireneusz nilimwachia agizo moja tu: bafuni asiingie mtu. Yeye akaenda kununua mkate.

Narudi, naona viatu vya mama mkwe mlangoni; ufunguo wa kwetu anao. Mama Genowefa! Miaka arobaini ndiye anayeua samaki wa Krismasi wa ukoo mzima, kwa pigo moja, na hajawahi kukosa. Alikuwa amemwagiza mwanawe anunue samaki, na mwanawe, kama kawaida, alisahau. Mama hakujua. Nikatazama jikoni: nyundo haipo.

"Yesu na Maria! Niachie, mshenzi we!" ikasikika bafuni.

Nikafungua mlango. Mama Genowefa kasimama juu ya kifuniko cha choo, kalowa chapachapa, kidole kinavuja damu. Nyundo inaelea majini, na Mkurugenzi anaigonga kwa kichwa, akiizungusha kwenye beseni zima.

"Mkwe wangu," akanong'ona, "jini hili umelinunua wapi?"

"Si wa kula, Mama! Huyu ni Mkurugenzi!"

"Yule unayemsifia kila Jumapili, mimi nikisinzia?"

"Huyo huyo!"

Nikasubiri matusi. Wapi! Akaangua kicheko, akacheka mpaka akakaa. "Nimemkosa mara tatu! Mimi! Kaninyang'anya nyundo mkononi!" Ireneusz alirudi na mkate wake akatukuta tumekumbatiana, tunalia kwa kucheka.

Jioni, nyota ya kwanza ilipotoka, tukaketi kula supu ya uyoga na kabichi. Samaki, hakuna. Sahani ya ziada ilikuwa mahali pake, ile tunayomwekea mgeni asiyetarajiwa, ambayo kila mwaka hubaki tupu. Mama Genowefa akaitazama, akatazama bandeji kidoleni, akainuka. Akatoa kwenye friji kamba wadogo ninaomlisha Mkurugenzi, akawapanga vizuri kwenye sahani ile, akaelekea nayo bafuni.

"Karibu chakula, mheshimiwa," tukamsikia. "Ila nyundo yangu nirudishie."