Mara Tatu kwenye Jiwe

Dola ishirini na tano! Kwa pesa hizo, pale mtaani Hewa Bora, mtu anarudi nyumbani na mfuko wa unga begani na watoto wanamkimbilia mpaka barabarani. Stéphane Ntumba yeye alitaka kuzipeleka kwa mwanamke asiyemjua, akae kwenye kiti chake saa moja, aseme, kisha arudi mikono mitupu. Bila sindano, bila kidonge, bila hata kuwekewa mkono kichwani na kuombewa.

"Papa Kiki," mke wake Chancelvie alimwambia, mikono ikiwa ndani ya kikapu cha samaki wakavu wa Kasenga aliokuwa akiwachambua kwa ajili ya soko, "makuta yote ile juu ya kusema tu? Si unisemee miye, bure?"

Kama angeweza kumwambia yeye, asingetafuta mtu wa kumlipa.

Shida yake ilikuwa na tarehe. Jumamosi ile mwaka ulikuwa unatimia tangu Élie, mdogo wake, afukiwe na shimo la madini kule Kambove, na familia ilikuwa inamaliza kilio. Viti vimeshakodiwa, mbuzi ameshafungwa uani kwa mama yao. Na desturi ya watu hawa unaijua: kabla wageni hawajala, kabla mama hajavua kitambaa cheusi, yule aliyekuwa na marehemu mara ya mwisho lazima asimame mbele ya wote aeleze lufu, yaani kifo kilivyokuja, tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa aliyefia hospitali ni kazi nyepesi. Unataja dawa, unamtaja daktari, wajomba wanatikisa vichwa, mnakula. Lakini Élie hakufia hospitali, na ndugu pekee aliyekuwa naye ni Stéphane.

Alishaeleza mara moja, siku ya mazishi, mbele ya jeneza lisilo na mtu. "Alikufa palepale," alisema. "Jiwe lilimwangukia, hakusikia kitu." Mama Madeleine, mama yao, alimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, na tangu siku ile amekuwa akiishi kwa maneno hayo. Kila mgeni aliyeingia kwake aliambiwa: mtoto wangu hakuumia hata kidogo, yaya yake, kaka yake mkubwa, alikuwepo. Sasa Stéphane alitakiwa ayaseme tena. Kila alipojaribu peke yake mbele ya kioo, koo lilifunga. Sisemi kwa mfano. Lilifunga kweli, sauti ikakatika, akabaki anakohoa kama aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imebakiza siku tatu.

Pesa alizipata kwa kuuza nyundo yake. Stéphane ana diploma ya ualimu, msimcheke, wachimbaji wengi wanayo. Mshahara wa ualimu ndio uliompeleka shimoni. Tangu Élie afe hakushuka tena, alikuwa akiwafundisha watoto wa jirani hesabu, lakini nyundo aliitunza chini ya kitanda. Katongo, kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa anaanza safari ya Kambove, alikuja kuitazama. Aliipima uzito, akaridhika, halafu akaigonga kwenye ngazi ya mlango asikie mlio wake.

"Usigonge!" Stéphane alimkamata mkono kwa nguvu mpaka kijana akaogopa.

"Eh, yaya! Ni kujaribu tu."

"Chukua, uende. Usigonge hapa."

Sababu ni hii. Kule chini kuna sheria moja ambayo hata mlevi anaiheshimu. Shimo likianguka, ndugu wa aliyefukiwa anachukua nyundo na kugonga mwamba mara tatu. Aliye hai chini anajibu mara tatu. Maadamu anajibu, hakuna anayeondoka, hakuna anayelala, wote wanachimba. Akinyamaza, ndipo watu wanavua kofia na kupanda juu.

Alhamisi asubuhi alikwenda. Madame Kavugho, mwanasaikolojia, ni Mnande aliyekuja kutoka Butembo, na ofisi yake iko ghorofani, juu ya bohari ya kaka yake Muhindo anayeuza bidhaa kwa jumla. Wateja wake waliipenda ngazi ile kwa sababu inapandia ndani ya bohari. Ukionekana unaingia, watu wanasema umekwenda kununua sabuni, hawasemi umekwenda kwa bazimu, kwa wenye kichaa. Stéphane alipita katikati ya makatoni, akapanda, akaketi, akatoa daftari la shule na kalamu.

"Niko tayari, Madame," alisema. "Sema polepole, niandike."

"Uandike nini, papa?"

"Maneno ya Jumamosi."

Ndipo ikabidi amweleze. Kwao, maneno ya kilio yana wenyewe. Asiyeweza kusema humtafuta msemaji, humpa chochote, na msemaji humpangia neno kwa neno mpaka anaweza kusimama mbele ya watu. Lakini wasemaji wote aliowajua ni wajomba zake, na wajomba wangeuliza maswali. Yeye alitaka msemaji msomi, asiye wa ukoo, ampe maneno laini ya kueleza kifo cha palepale, maneno ambayo yangepita kooni bila kukwama. Kwa ajili hiyo ndiyo alileta daftari.

Madame Kavugho hakucheka. Ningekuwa mimi pengine ningecheka, na ningekosea.

"Miye sina maneno ya kukupa," alisema. "Ya kwako uko nayo weye mwenyewe."

"Sasa ninalipa nini?"

"Saa moja. Na ule mulango wenye nimefunga."

Hasira ilimpanda Stéphane. Nyundo yake! Unga wa watoto! Alikuwa ameshafunga daftari na kuinuka nusu, pale vibarua wa Muhindo walipoanza kupigilia misumari kwenye sanduku la mbao kule chini. Ko, ko, ko. Wakanyamaza kidogo. Ko, ko, ko. Alirudi kitini. Mkono wake wa kuume, bila yeye kuutuma, ukagonga mkono wa kiti mara tatu.

"Unamujibu nani, papa?" mwanamke yule aliuliza.

Koo halikufunga. Mpaka leo hajui kwa nini.

"Hakufa palepale," alisema. "Niligonga, akajibu. Siku ya pili niligonga, akajibu. Ya tatu, Ruphin, mukubwa wa shimo letu, akaniita pembeni. Akasema udongo unapasuka, shimo la jirani liko na bantu kumi na mbili, tukichimba tena tutawaua. Hakusema uongo, Madame. Nilikwenda kuangalia, ule ufa ulikuwa unaingia mukono yangu yote. Nikakubali tutoke." Alilisukuma daftari pembeni. "Lakini utatoka namna gani na muntu anajibu? Ukigonga, anajibu. Basi niliacha kugonga, ili anyamaze. Hakunyamaza. Akaanza yeye mwenyewe. Mara tatu, ananyamaza, ananingoja. Mara tatu, ananingoja. Nilifunga nyundo kiunoni nikapanda, na mpaka kule juu nilikuwa ninamusikia."

Alilia, bila kujificha uso. Madame Kavugho hakumwambia kwamba Mungu amesamehe, wala kwamba kumi na wawili ni wengi kuliko mmoja. Hesabu hiyo mwalimu alikuwa ameshaifanya mwenyewe, mwaka mzima. Madame alisubiri tu mpaka kilio kikapungua, halafu akauliza kitu cha ajabu.

"Usiku unalala?"

"Ninalala vizuri sana. Bibi yangu, Mama Kiki, ndiye halale. Asubuhi macho yake inavimba. Anasema ni moshi wa samaki."

"Ulishamuuliza?"

"Nimuulize nini? Si amesema ni moshi."

"Umuulize leo," alisema Madame Kavugho, akatazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa umekwisha.

Stéphane alishuka ngazi amenuna. Dola ishirini na tano kwa swali la usingizi wa mke! Kwa faranga zilizobaki mfukoni alinunua mche wa sabuni kwa Muhindo, watu wamwone anatoka nao.

Chancelvie alikuwa uani, kwenye samaki wake walewale. Stéphane aliweka sabuni karibu naye, akakaa kwenye kigoda.

"Mama Kiki, juu ya nini haulale?"

Mikono ya mwanamke ilisimama. Aliangalia kama mtoto yuko karibu, kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Sikutaka uyue. Kila usiku unagonga ukuta. Unalala, lakini mukono inagonga, mara tatu. Kisha unangoja. Nikikawia unaanza kulia, kilio kimoja mubaya, ya mutoto. Siku moja nikajaribu kugonga pia, mara tatu, upande yangu. Ukanyamaza, ukalala. Basi ninajibu."

"Kila usiku?"

"Kila usiku, Papa Kiki. Ata siku ya homa nilijibu."

Hapo ndipo Stéphane alipojua amelipia nini. Alimweleza yote, palepale kwenye kigoda, Ruphin, ufa, nyundo iliyofungwa kiunoni. Chancelvie alijifunika uso kwa mikono yenye magamba ya samaki. Alipouinua alikuwa na uchungu, na alikuwa na hasira pia, na haki yake alikuwa nayo.

"Mwaka muzima," alisema, "ninajibu bila kuyua ninamujibu nani."

Halafu akafuta macho. "Jumamosi utasema nini?"

"Siyui."

"Unayua," alisema mke wake.

Jumamosi uwanja wa Mama Madeleine ulijaa. Viti vya plastiki safu sita, vyungu jikoni, harufu ya mbuzi mpaka barabarani. Mama alikaa mbele kwenye meza ya mbao, amevaa nyeusi kwa mara ya mwisho, na kitenge kipya cha maua kimekunjwa mapajani, tayari. Alikuwa na uso wa mtu anayeona nchi kavu baada ya safari ndefu. Mjomba Gérard, mkubwa wa ukoo, alimwita Stéphane aeleze lufu.

Stéphane alisimama karibu na meza. Koo lilikuwa wazi. Laiti lingefunga!

"Mama," alisema, "siku ya mazishi nilidanganya. Élie hakufa palepale."

Aliyaeleza yote mbele ya watu, kama alivyomweleza Madame Kavugho, bila daftari. Katikati mjomba Gérard alimvuta shati. "Ikala, mutoto. Inatosha, ikala." Hakukaa. Alifika mpaka pale alipokuwa juu na bado anasikia, akakomea hapo. Jikoni mtu aliangusha kifuniko, hakuna aliyegeuka.

Mama Madeleine hakupiga yowe. Watu walimwogopa kwa ajili hiyo.

"Alikuwa anagonga namna gani?" aliuliza. "Onyesha."

"Mama, tafazali."

"Onyesha."

Stéphane alikunja ngumi, akagonga meza mara tatu, polepole. Mama aliinama akaweka sikio juu ya mbao, kama vile wanawake wanavyosikiliza tumbo la mwenye mimba.

"Tena."

Aligonga tena. Machozi yake yalikuwa yanadondokea meza na hakuyafuta. Mama aliinua mkono wake, wenye pete ya marehemu baba yao, akagonga mara tatu.

"Mama amesikia, Élie," alisema kwa mbao. "Mama iko hapa."

Kisha alichukua kitenge cha maua mapajani akampa Chancelvie bila kumtazama. Alikaza fundo la kitambaa cheusi kichwani, akakaza tena.

"Weka mbali," alisema. "Kilio yangu inaanza leo."

Stéphane alimpigia magoti, akamshika mguu. Mama hakumsukuma, hakumgusa. Mjomba Gérard alitafuta neno la kufunga mkutano, hakulipata, akavaa kofia yake. Mbuzi alibaki chunguni. Wageni waliondoka mmoja mmoja bila kula, wakivuta viti taratibu wasifanye kelele, na mama alikuwa bado ameinamia meza, anagonga mara tatu, ananyamaza, anangoja.