Prosesa ya Mama Rula

Kompyuta ya Mama Rula ilikuwa na tabia moja mbaya. Ukiiambia igeuze nyumba upande wa pili, inakuacha usubiri mpaka usahau ulitaka kuona nini. Nyumba zenyewe zilikuwa za kwenye skrini, kwa kuwa Mama Rula alikuwa mchora ramani za majengo, na jina lake la kuzaliwa mtaa mzima ulikwisha lisahau. Akishabonyeza, huenda kusuuza vikombe. Akirudi, ukuta mmoja ndio kwanza unajitokeza, nao kwa kinyongo.

Jumapili moja mwanawe wa pekee, mhasibu wa watu, alimkuta anasuuza vikombe vilivyokwisha suuzwa. Akachungulia kwenye chumba cha kazi: meza pana, taa ya kuinama, michoro imekunjwa imepangwa ukutani, na skrini iliyoganda kwenye nusu ya ngazi.

"Mama, hii mashine imekufa."

"Haijafa. Inafikiri."

Mhasibu hakucheka. Alivuta kiti, akaanza maneno aliyoyapanga tangu nyumbani kwake. Chumba hiki kifungwe. Mama ahamie kwake, kuna chumba kizuri kinachotazama bustani, na wajukuu wanamhitaji. Angemnunulia kompyuta mpya ndogo ya kupakata, ya kutazamia picha.

"Picha za nani?"

"Za familia."

"Nikikaa nyumba moja na familia, picha zake za nini?"

Hapo ndipo wangeishia kama kila Jumapili, lakini siku hiyo skrini ilijizima mbele ya macho yao wote wawili, ikaondoka na kazi ya asubuhi nzima. Ilikuwa michoro ya zahanati ya wazazi ya ghorofa moja, iliyoagizwa na mkunga aliyechoka kuzalishia wanawake kwenye sebule yake. Mkunga alitaka michoro Jumamosi ili mafundi waanze. Mwana akamtazama mama yake, na kusema kweli hakuwa na furaha alipoyasema haya, lakini aliyasema: "Tufanye hivi. Jumamosi nakuja na pikapu. Ukiwa umemaliza kazi ya mkunga, sitaligusa tena jambo hili. Usipomaliza, tunapakia."

"Njoo nayo," alisema Mama Rula, kabla mdomo haujauliza kichwa.

Mama huyu alikuwa hivyo. Ofisi ya wasanifu iliyomtumikisha ujana wake wote ilimwambia siku moja kwamba sasa inataka damu changa. Wenzake waliopewa barua kama yake walilia. Yeye alikwenda kwenye mnada wa mali chakavu za ofisi hiyohiyo, akanunua kompyuta mbili pacha, moja ya kwake na moja ya mwanawe aliyekuwa chuoni, akafungua kazi chumbani. Alichora nyumba za watu wanaojenga kidogo kidogo, msingi mwaka huu, lenta mwakani. Hakuna hata moja iliyopasuka.

Kununua kompyuta mpya hakukuwezekana, hilo halina mjadala. Kilichowezekana ni kubadili kitu kimoja tu ndani ya ile ya zamani, na alikwisha jua kipi. Alikuwa ameitazama mashine inavyohangaika: ile prosesa, kile kipande cha kati kinachofanya mahesabu yote, ilikuwa na viini sita, na kila alipogeuza nyumba, kiini kimoja kilitoka jasho huku vitano vimekaa tu. Programu yake ya kuchorea haikujua kugawa kazi. Alizijua ofisi za namna hiyo.

Jumatatu akaenda dukani kwa muuza vipuri aliyeitwa Bisibisi, kwa sababu hakuonekana bila bisibisi sikioni, pale wengine wanapoweka kalamu. Bisibisi akamsikiliza, akainama chini ya kaunta, akaibuka na vijisanduku viwili vya mtumba.

"Mama yangu, chukua hii," alisema, akikigonga cha kushoto. "Viini vinane. Umri ni uleule wa mashine yako, inaingia kama mguu kwenye ndala. Kila mtu anaigombea."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ni ya juzijuzi, lakini ina viini vinne tu. Utakuwa umetoka sita kwenda nne. Mtu hupanda, hashuki."

"Kiini kimoja kwa kimoja, ipi ina mbio?"

Bisibisi akakuna kidevu. "Kimoja kwa kimoja, ni hii ya vinne. Inaiacha mbali. Lakini mama, vinane ni vinane."

"Mimi natumia kimoja. Hao saba watakuja kuninywea chai."

Bisibisi akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Akasema haya, pesa ni yako, ila kuna jambo. "Soketi, yaani tundu lake la kukalia, ni ileile, lakini ubao wako..."

"Soketi ni ileile?"

"Ileile, lakini nilitaka..."

"Basi nifungie."

Ndivyo alivyomkatiza. Alikuwa ameshinda mjadala, na mtu aliyetoka kushinda hana masikio. Zaidi ya hapo, Bisibisi alipomwambia kwamba akiacha prosesa ya zamani atapunguziwa bei, aliitoa kwenye mkoba, alimokuwa ameileta kama kielelezo imeviringishwa kwa kitambaa, akaisukuma juu ya kaunta bila hata kuiaga.

Nyumbani alifungua mashine kwa mikono ya mtu anayekata keki. Akaketisha prosesa mpya mahali pake, akapaka ile krimu ya kupitisha joto, akafunga chuma na feni yake juu, akabonyeza. Feni ikavuma na taa ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi.

Alingoja. Akabonyeza tena. Akatoa vipande vya kumbukumbu akavirudisha, akabadili waya, akapuliza, akaifungua yote na kuifunga upya. Alifanya hivyo Jumanne yote na Jumatano yote, uso umemshuka. Mhasibu alipopiga simu kuuliza hali, alisema, "Feni inavuma vizuri," jambo ambalo halikuwa uongo. Akakata simu, akakaa kwenye kiti chake cha kazi, na kwa mara ya kwanza akakiona kile chumba kinachotazama bustani. Akajiona amekaa humo, amevaa sweta, anaulizwa kama amekula. Akaogopa kwelikweli.

Alhamisi akapiga moyo konde, akampigia Bisibisi.

"Nilitaka kukuambia siku ile, ukanikatiza," alisema Bisibisi, bila ubaya. "Ubao wako, ule mkubwa unaobeba vipande vyote, haujapata kuisikia prosesa hiyo. Ulipotengenezwa, hiyo haikuwapo duniani. Lazima ubao usasishwe kwanza, na kuusasisha kunataka mashine iwake, na ili iwake inataka prosesa ambayo ubao unaijua. Ile ya zamani. Ungechukua ya viini vinane, ingewaka palepale."

"Niletee ile ya zamani. Nitakurudishia punguzo lako."

Bisibisi akashusha sauti.

"Mama, nimeitoboa."

"Umeitoboa?"

"Nimeitia kwenye pete ya funguo. Mbona watu wote wanafanya hivyo. Inapendeza."

Mama Rula alitaka kumwaga matusi aliyokuwa ameyawekea akiba tangu siku ya barua ya ofisi. Lakini hasira ilipofika mdomoni haikumkuta wa kumlaumu ila mwenyewe. Akauliza kama kuna nyingine ya namna ile. Bisibisi akasema zile zilikwisha, labda mtu awe na mashine pacha na hiyo.

Alibaki na simu mkononi. Mashine pacha ilikuwapo, na alijua ilipo. Ilikuwa kwa mwanawe, chini ya ngazi, wajukuu wakiitumia kama kiti cha kuvalia viatu.

Hebu fikiri. Ili amshinde mwanawe, ilimpasa akamwombe mwanawe silaha. Mtu mwingine angenyoosha mikono. Au angengoja mhasibu awe kazini, ajipitishe kwa mkwe, afungue mashine, achukue, aondoke. Hilo nalo lilimpitia, tusimfanye malaika. Alilitupa, kwa sababu hakuwa na mpango wa kuiba ndani ya nyumba ambayo alikuwa anakataa kukaa. Ijumaa, saa ya watu kutoka kazini, alitia bisibisi yake mkobani na kikopo cha peremende, akaenda akabisha hodi mlango wa mbele.

Walikuwa wote sebuleni. Mkwe wake akamwinukia, wajukuu wakamrukia kiunoni. Mhasibu akautazama mkoba, akadhani ni nguo.

"Umeamua kuja mapema, mama?"

"Nimekuja kuazima."

Akaeleza yote, na hakujipendelea. Alisema alichagua prosesa sahihi kwa pupa, akamkatiza aliyetaka kumwonya, akaitoa ya zamani kwa maringo, na sasa bila ile iliyo chini ya ngazi hana kazi ya kumpa mkunga kesho.

Mhasibu alisikiliza akiwa amekunja mikono. "Kwa hiyo nikisema hapana, imekwisha."

"Imekwisha. Nitapakia mwenyewe, sitakusumbua. Nitakaa kwenye chumba chako na nitawapenda hawa watoto. Ila utajua umeshindaje, na mimi nitajua, na tutakuwa tunakula meza moja kila siku tukijua."

Mkwe aliwashika watoto mikono, akawatoa nje. Mlangoni akageuka. "Mama, mimi sikuwahi kusema uje kulea," alisema. "Nataka ulijue hilo." Akamtazama mumewe kidogo, akatoka.

Mhasibu akakaa chini. Bila maneno yake ya kupanga alionekana mdogo. "Si habari ya kulea," alisema. "Kuna siku nilikuja nikakukuta umelala kwenye meza, kichwa juu ya kibodi. Nilikuita mara mbili hukuitika. Nilidhani umekufa, mama. Nilisimama pale nikawa siwezi hata kukugusa. Tangu siku hiyo, simu yako ikichelewa kupokewa, mimi siwezi kufanya kazi."

Mama Rula hakuwa na habari hiyo. Ilimuuma, akaacha imuume.

"Na mimi naogopa," alisema. "Usifikiri siogopi. Lakini mtu akiulizwa kila siku kama amekula, kama amelala, kama anasikia baridi, baada ya muda huyo anakuwa kitu cha kutunzwa tu, na mimi sijafika huko. Yule mkunga hakuniuliza kama nimekula. Aliniuliza mlango wa chumba cha kuzalia uwe na upana gani ili kitanda kipite bila kukwama. Nataka watu waendelee kuniuliza maswali ya namna hiyo. Nikifia kwenye kibodi, basi nimefia kazini, wala usinionee huruma. Sasa niambie, ndiyo au hapana."

Mhasibu alijifuta uso kwa kiganja. Akainuka, akaenda chini ya ngazi, akaondoa viatu vya watoto juu ya ile mashine, akaiburura mpaka katikati ya sebule. Akanyoosha mkono bila kumtazama.

"Nipe bisibisi."

"Nitafungua mwenyewe," alisema Mama Rula. "Wewe shika tochi."

Jumamosi pikapu ilifika mapema kuliko ilivyotakiwa, kama wafanyavyo madereva siku usiyowataka. Mhasibu alishuka, akapanda ngazi, akasimama mlangoni mwa chumba cha kazi. Prosesa ya kuazima ilikwisha fanya kazi yake. Ubao uliwaka, ukasasishwa kwa flashi, ukazimwa, na ile ya viini vinne ilikuwa imekaa mahali pake, naye alichora nayo usiku kucha. Kwenye skrini zahanati ya mkunga ilisimama nzima: chumba cha kuzalia, wodi, mteremko wa machela, ngazi hadi kidato cha mwisho.

"Igeuze," alisema Mama Rula.

Mhasibu akabonyeza. Zahanati ikageuka upande wa pili kabla hajaondoa kidole. Akaigeuza tena, na tena, kama mtoto na swichi ya taa. Kwenye karai vikombe vilikuwa vichafu tangu jana.

Printa ilipomaliza, Mama Rula aliviringisha karatasi, akazifunga kwa uzi, akachukua mkoba. "Pikapu umeshailipia?"

"Nimelipia."

"Basi isirudi tupu. Tupeleke michoro kwa mkunga, halafu tuchukue ile mbao yangu ya rafu kwa seremala. Ni ndefu, haiwezi kubebwa kichwani."

Garini alifungua kile kikopo cha peremende, akamkabidhi mwanawe. Ndani, juu ya pamba, kilikaa kile kipande kidogo cha kuazima, kimefutwa kikawa safi.

"Kaa nayo, mama. Kwangu ni kiti cha viatu tu."

"Nilisema nimeazima." Alimshika mkono, akamfungia vidole juu ya kikopo. "Irudishe ilipokuwa, uifute vumbi, uwafundishe wanao kuiwasha. Kesho nikija kula kwenu nataka kuikuta inafanya kazi. Na mimi nitakupigia simu kila asubuhi kabla sijakaa mezani. Sipigi kukuaga, napiga ili ufanye kazi yako kwa amani, na mimi ya kwangu."

Dereva akauliza wanaelekea wapi. Mhasibu alitaka kujibu, kisha akamgeukia mama yake.

"Nyoosha moja kwa moja," alisema Mama Rula, michoro juu ya magoti. "Nitakuonyesha pa kukata."