Siku Nilipoiamkia Santuri

"Mwanangu, hiki kibao bado kinakoroma," shangazi alisema, kidole chake kimetulia palepale kwenye kinanda.

Kilikoroma kweli. Watu kumi na wawili tuliokuwa ukumbini tulikisikia, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Mzee Sindano, mwenyekiti wa chama chetu cha wakusanyaji wa santuri, alikuwa amekunja mikono kifuani kama mtu aliyeletwa kutazama mazingaombwe na kuapa kuyaumbua. Baba alikaa mstari wa mwisho karibu na mlango, ili akiaibika asiwe na safari ndefu ya kutoka. Mimi nilikuwa nimepiga magoti mbele ya gramafoni, vidole kwenye kitufe cha mwendo.

Chama chetu kina kazi moja ambayo wake na waume zetu wameshindwa kuielewa. Tunakusanya santuri za zamani za Krismasi, zile ambazo karatasi ya katikati imeandikwa "Kwaya na Mwimbaji", basi, utadhani huyo mwimbaji hakuzaliwa na mtu. Sisi tunamtafuta. Tunauliza wajane, tunapekua picha za kwaya, tunasikiliza mpaka masikio yanawasha. Tukimpata, Mzee Sindano anamwandika kwenye daftari kwa wino, na Mzee Sindano akishaandika hafuti. Kila Desemba redio husoma majina hayo nyimbo zinapopigwa.

Santuri hii alikwisha kuiandika zamani. Mwimbaji: mke wa mwalimu wa kwaya, sasa marehemu, sauti ya kwanza.

Tatizo ni kwamba shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amesema ni yeye. Alisema mara moja tu, Krismasi moja nikiwa na miaka tisa, wimbo ulipotoka redioni tukiwa mezani. "Huyo ni mimi," alisema, kwa sauti ileile ambayo angesema chumvi imezidi. Siku ya kurekodi mke wa mwalimu aliamka sauti imekauka, shangazi akaeleza, na katika kwaya nzima ni yeye tu aliyeujua wimbo wote kwa kichwa. Baba alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Shangazi alikuwa mwimbaji wa sauti ya pili, tena nzito. Yule wa kwenye santuri ana sauti nyembamba ya msichana, inapaa. "Dada, na wewe nawe!" baba alisema. "Labda ulipanga viti." Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa sababu wakubwa walikuwa wanacheka. Ukoo ukampachika jina la Mama Santuri. Aliliitikia, maana jina la utani ukilikataa ndipo linapokuganda. Lakini kuimba aliacha. Hakuimba kanisani, hakuimba jikoni, hakuimba hata akifua.

Miaka ishirini na sita ikapita, nikawa fundi wa redio na gramafoni. Asubuhi moja mteja aliniachia gramafoni iliyolegea mkanda, na ili kuipima nikachukua santuri iliyokuwa karibu, hiyohiyo ya Krismasi. Nikaipa mgongo nikaendelea kuchomelea waya za redio ya mtu mwingine. Mara nikamsikia shangazi anaimba nyuma yangu.

"Shikamoo, shangazi," nilisema, bila kuinua kichwa.

Hakuitikia. Nikageuka, duka lilikuwa tupu. Nilikuwa nimeiamkia santuri. Nilikaa sakafuni nikalia, kwa furaha kidogo na kwa aibu nyingi.

Nilielewa papo hapo, maana ni mambo ya kazi yangu. Mashine iliyonasa wimbo ule ilikuwa mbovu, ikizunguka polepole kuliko inavyopaswa. Kilichonaswa polepole, kikichezwa kwa mwendo wa kawaida, hukimbia, na sauti inayokimbia hupanda. Kwa miaka yote hiyo dunia ilikuwa ikimsikiliza shangazi akikimbizwa.

Nilipomweleza, Mzee Sindano hakutikisika. "Sikio si ushahidi, fundi. Ukipunguza mwendo, hata kuku atanguruma kama simba." Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikaenda kwa shangazi nikamuuliza anakumbuka nini siku ile. Alinitazama sana. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Kinanda," alisema hatimaye. "Kilikuwa na kibao kimoja kinakoroma. Mwalimu alikuwa anakikwepa, lakini ubeti wa mwisho alijisahau, akakigusa."

Kinanda hichohicho kilikuwa bado ukumbini walikorekodia, kimefunikwa shuka. Hakuna aliyewahi kukitengeneza, basi mwendo ambao santuri ingelingana nacho, mkoromo kwa mkoromo, ndio mwendo wa kweli.

Ndivyo tulivyofika pale, mimi nimepiga magoti, shangazi ameketi. Kwanza niliicheza santuri kwa mwendo wa kawaida. Shangazi akaifuata kwenye kinanda, vikagombana. Akapanda kibao kimoja, kingine, kingine; hiki kikawa chini, kinachofuata kikawa juu mno. Wimbo ulikuwa umekaa kati ya vibao viwili, mahali ambapo hakuna mpiga kinanda awezaye kuweka kidole. Mzee Sindano akakunjua mkono mmoja.

Nikaanza kukizungusha kitufe, kidogo kidogo. Wimbo ukashuka, ukashuka, mpaka kinanda cha kwenye santuri na kinanda cha ukumbini vikawa kitu kimoja. Ubeti wa mwisho ukafika. Santuri ikakoroma. Shangazi akabonyeza kibao chake, nacho kikakoroma, mkoromo uleule. Na juu yake ikasimama ile sauti, nzito, pana, haina haraka na mtu. Watu wote waligeuka wakamtazama mwenyewe. Nilitaka kupiga kelele kama mtu aliyefunga goli, na nadhani nilipiga.

Mzee Sindano alifungua daftari, akapiga mstari mmoja wa wino juu ya alichokuwa ameandika. Kisha akavua kofia. "Mama," alimwambia, "niandikie wewe mwenyewe, nisije nikakosea tena." Shangazi aliandika jina lake bila haraka, akalipuliza likauke.

Nilipoinua macho, kiti cha baba kilikuwa kitupu. Tulimkuta nje kwenye ngazi, simu sikioni. "Ni yeye," alikuwa anasema. "Nakwambia nimesikia kwa masikio yangu. Ndiyo, dada yangu." Alipotuona aliifunika simu kwa kiganja.

"Dada, nisamehe."

"Bado," shangazi alisema, akaketi kando yake. "Kwanza mpigie mke wa binamu. Yule alicheka mpaka akapaliwa."

Baba akaanza kutafuta namba.