Kucha za Bwana Mkubwa

Kwa watu wengine, kucha za paka zikirefuka hunasa kwenye pazia au husikika zikigonga sakafu. Kwetu, kipimo kilikuwa miguu ya mama. Mama ni fundi cherehani, cherehani cha kukanyaga. Akimaliza kazi hunyoosha miguu juu ya stuli, na Bwana Mkubwa, paka wetu mvivu ambaye hata panya humpisha njia, huikandakanda kabla ya kuilalia. Mama akipiga kelele, "We paka! Unanichinja!" basi mimi huchukua kikata kucha, nikamminya vidole kucha zichomoze, nikakata ncha nyeupe tu. Ukifika kwenye wekundu, umemtoa damu.

Mwaka huu mama akanyamaza. Nikajua paka kazeeka, hata kucha zimechoka kuota.

"Mama, mume wako katulia siku hizi," nilimtania.

"Kapata adabu," akajibu, akacheka.

Jumamosi moja nikiwa nafua, nikaona soksi za mama zina vidoa vya damu. Nilitoka mbio mpaka sebuleni, mikono ina povu. Bwana Mkubwa alikuwa kazini, kucha zimejipinda kama ndoano, zinazama na kutoka kwenye miguu ya mama, na mama anapiga soga na jirani dirishani bila hata kukunja uso.

"Nilidhani ni ganzi ya uzee tu," mama alimwambia daktari nilipompeleka hospitali.

Haikuwa uzee, ilikuwa sukari. Daktari akaniagiza niipime miguu nyumbani: mgonjwa afumbe macho, nimguse vidole, aseme akisikia. Asiposikia, cherehani basi, maana sindano au kidonda vitampata bila yeye kujua.

Tuliporudi, mlangoni mama akaniambia, "Mwanangu, mimi nikiacha kushona, mtanizika nikiwa hai."

Jioni nilimpakata paka nikamkata kucha zote, naye analalamika kama kaonewa. Mama alikaa mbele yangu, miguu kwenye stuli.

"Tukimaliza na huyu, zamu yako," nikasema. "Fumba macho kabisa, usichungulie."

Akafumba, akayabana kama mtoto. Nilikuwa natafuta pa kumweka paka.

"Nasikia," mama akasema upesi. "Hapo, kidole gumba. Taratibu basi, mwanangu, unaniumiza."

Mikono yangu yote miwili ilikuwa bado imemshika paka.