Tawi la Gari la Mwisho

Watu wa Bwera walimwita Mbambu "Mama Signo", mama wa alama, naye aliitika. Wenzake walijaza simu zao picha za harusi, yeye alijaza yake alama za barabarani: taa ya Kasese ambayo haijawahi kuunganishwa umeme, ndege wamejenga ndani ya nyekundu, kibao cha tembo pale Kikorongo, kutu imemla hadi kabaki na miguu mitatu, pipa la lami lililoandikwa SIMAMA kwa rangi ya kucha.

Kimoja tu hakuwa nacho: mkono wa chuma wa stesheni ya zamani ya reli, ule ambao babu yake, Semu, aliuendesha kwa waya ujana wake wote. Ukinyooka, treni isimame. Ukiinama, njia nyeupe. Mzee sasa hainuki kitandani, na kila jioni aliuliza lile lile: "Umeniletea? Nataka kuona kama bado umenyooka. Siku ya mwisho niliuacha umenyooka." Mbambu alisema ataenda. Mara mtoto ana homa, mara mama mkwe hana wa kumwachia duka. Mwaka ukapita yuko palepale nyuma ya meza ya duka.

Leo asubuhi rafiki yake Gorret alipiga simu kutoka Kasese. "Wewe! Wenye vyuma chakavu wamekuja na mitungi ya gesi. Wakishakula chakula cha mchana, wanaukata ule mkono. Mimi simu yangu ya tochi, haipigi picha. Njoo!"

Sasa ilikuwa saa ya watu kula, na Mbambu alikuwa amekwama njiani ndani ya teksi, mwanawe Masika kifuani.

Mbele ya Kinyamaseke mlima ulikuwa umemomonyoka na kubakiza njia ya gari moja, ukuta wa udongo huku, korongo kule. Vijana wawili walisimama kila mmoja mwisho wake, bila kuonana. Gari la mwisho la msururu lilipewa tawi la majani mabichi. Likifika ng'ambo na tawi, basi njia ni tupu, wa upande huo waingie. "Simu huisha chaji," Crispus, kijana wa upande wa Bwera, alipenda kusema. "Tawi haliishi."

Leo pikapu ilitokea na tawi kwenye boneti, Crispus akaruhusu. Lakini pikapu ile ilitangulia msafara wa mazishi, na gari za mazishi zote hufungwa majani. Katikati ya njia, pua kwa pua, Swaib, dereva wa teksi yao, alikutana na gari lenye jeneza, na nyuma yake majani, majani, majani.

"Chauffeur, tutabaki hapa mupaka wapi?" aliuliza Mama Emérance, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyeketi kando ya Mbambu, akijipepea kwa leso. "Mutoto iko na joto."

"Mama, nipite wapi? Niko na mabawa?"

Mlango wa kushoto uligusa udongo, haukufunguka. Kulia lilikuwa korongo. Masika alilia kifuani mwa mama yake, na Mbambu akaona mawazoni moto wa gesi ukilamba chuma.

Mwombolezaji mmoja akaja dirishani. "Dereva, rudi nyuma."

"Kwa nini si nyinyi?"

"Marehemu akishatoka kwake hageuzwi. Unajua."

Swaib alijua. Lakini nyuma yao, zaidi ya kona, magari hayakuona kitu. Yalipiga honi na kusogea mbele.

"Mama Emérance, nishikie mtoto," Mbambu alisema. Akatoka upande wa korongo, ameshika paa la gari, akatembea hadi kwenye kona, mahali ambapo pande zote mbili zingemwona. Akanyoosha mkono.

"Afande wa kitenge!" dereva wa lori akamcheka. "Nani kakuajiri?"

"Rudi! Kuna maiti mbele!"

Kicheko kikakatika. Lori likaanza kurudi. Nafasi ilipopatikana akainamisha mkono, Swaib akarudi kidogo. Akaunyoosha, Swaib akasimama. Ndipo simu ikalia ndani ya kitenge. Gurudumu la lori lilikuwa linachungulia korongo. Simu ililia, ikalia, ikanyamaza. Mkono haukushuka.

Walipotoka wote, msafara ukapita polepole. Crispus alisimama amevua kofia, hana pa kutazama. "Dada, nisamehe. Niliona majani tu."

Mbambu akampigia Gorret.

"Wameuangusha," Gorret akasema. "Pole, rafiki yangu. Umeanguka hivyohivyo, umenyooka. Kutu ilikuwa imeushika, hata nyundo haikuuinamisha."

"Umenyooka? Umeona mwenyewe?"

"Kwa macho yangu."

Mbambu akafuta uso kwa ncha ya kitenge. Mama Emérance alikuwa anamtikisia simu yake mwenyewe, Masika begani. "Nilikupiga photo! Angalia, uko kama poteau, nguzo ya barabara." Katika picha hiyo kulikuwa na kona, vumbi, na mwanamke aliyenyoosha mkono mmoja.

"Nitumie," Mbambu alisema.

Swaib akawasha gari. "Haya, Kasese bado tunaenda?"

"Nyinyi nendeni. Mimi natafuta boda ya kurudi Bwera." Akampokea mtoto. "Kuna mzee anangoja jibu."