Mtumishi wa Kipande cha Kumi na Moja

Nikutegee, nawe utegue: nina mtumishi, akilala ndipo anafanya kazi. Ni nani huyo? Usikimbilie kunipa mji. Miji nimepewa mingi maishani na hakuna hata mmoja ulioniletea kodi. Kaa nacho kwanza, maana siku ile nilimtegea binti yangu tangu asubuhi, tukiwa bado hatujanywa chai, na hadi saa tisa alasiri hakuwa amekitegua.

Binti yangu ndiye mpangaji wa hifadhi yetu. Si hifadhi ya simba na watalii. Ni bonde zima na watu wake ndani, nyumba, ng'ombe, mto, pamoja na sheria za kipi kikatwe na kipi kiachwe. Yeye huandika mpango wa miaka mitano, kisha huuombea fedha kwenye mfuko mmoja huko mjini. Mwaka huo mfuko ulikuwa umekubali, ila ulimtuma mkaguzi aje aone kwa macho yake, na mpango uwe umetiwa sahihi kabla gari lake halijaondoka saa kumi. Ofisini umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo ofisi ikahamia mezani kwangu. Ramani ilitandazwa juu ya kitambaa changu cha meza, pembe zake zimegandamizwa kwa kopo la chumvi, vikombe viwili na mkasi wangu wa kushonea.

Bonde lilikuwa limegawanywa vipande kumi na vinne, na kila kipande kina kisanduku chake kwenye fomu: kazi itakayofanyika. Cha tano, kuzuia mmomonyoko. Cha tisa, kung'oa magugu ya mtoni. Cha kumi na moja, kisanduku kilibaki cheupe, na weupe ule ndio ulioninyima raha.

Asubuhi tulikuwa tumekwenda huko, mkaguzi, binti yangu, mimi, na shemeji yangu. Huyu ni mdogo wake marehemu mume wangu, na bonde zima linamwita Kesho, kwa kuwa ukimwomba jambo lolote hilo ndilo jibu lake. Mkaguzi alikuwa mtu mpole, mwenye buti mpya zilizomng'ata kila hatua. Alichuchumaa kwenye nyasi akahesabu viota vya kwale, ishirini na sita. Kwenye vipande vya jirani hakuwa ameona hata kiota kimoja. Akasimama, akauliza, "Nani anapatunza hapa?"

Shemeji aliwatazama ng'ombe wake ng'ambo ya mto kama vile ndiyo kwanza anawaona. Mimi nikajitia kufunga upya kitambaa cha kichwa. Binti yangu alisubiri, kisha akaandika kwenye daftari lake: hakuna.

Sasa wewe nikwambie. Anayepatunza ni shemeji. Miaka miwili haingizi hata kwato moja. Mwaka wa tatu, nyasi zikishasongamana hadi kwale hawana pa kupita, huingiza ng'ombe wiki tatu, alfajiri alfajiri, wazipunguze. Alifundishwa na kaka yake, naye na baba yao. Lakini tangu bonde liwe hifadhi, kulisha pale ni kosa, na anayekamatwa hunyang'anywa kibali cha malisho kote. Shemeji hana kingine duniani ila wale ng'ombe tisa. Mwaka tuliomzika mume wangu niliapa mbele ya shemeji kwamba sitasema. Na mpangaji ni mwanangu wa kumzaa, ambaye akijua itambidi aandike.

Haya, ungekuwa wewe ungekaa? Mimi sikukaa. Nilichemsha maji nikayasahau, nikayachemsha tena. Nikafagia palipokwisha kufagiwa. Saa nane binti yangu alisema mfuko hautoi fedha kwa kisanduku kitupu, na kwa vile pale hapatumiki, ataandika miti. Miche elfu tatu, mashimo yaanze kuchimbwa wiki ijayo. Nikamuuliza kwale watakwenda wapi. Akasema labda watahamia kipande cha kumi. Nikamwambia kwale hawasomi ramani. Akacheka kidogo, lakini mkono haukusimama.

"Kitendawili changu je?" nikamuuliza.

"Mama, leo?"

"Leo hasa."

"Mbegu," akasema bila kuinua macho.

"Mbegu hailali, ina haraka zake."

"Basi paka."

"Paka hafanyi kazi akilala, wala akiamka."

Kiapo sikuwa nimekivunja, kwa sababu kutega si kusema. Ila mwenye masikio hakuwa na nafasi. Nikatoka uani. Shemeji alikuwa amekaa chini ya dirisha akinoa panga lililokuwa kali tangu juzi. Naye kwenda kwake kulimshinda, kuingia ndani kulimshinda. Nikamwambia wanaandika miti.

Akanoa. Akajaribu makali kwa kidole gumba, akanoa tena. "Nitaliangalia," akasema. "Kesho."

"Shemeji, kesho yako inaondoka na gari saa kumi."

Hapo akaacha kunoa. Alisema akinena atakosa malisho, na akinyamaza atakikosa kile kipande cha kaka yake, na njia mbili zilimshinda fisi. Nikamwambia fisi alikuwa na tamaa, yeye ana woga tu, na woga una dawa. Akaniuliza dawa gani. Nikaingia ndani.

Mkaguzi alikuwa amefika, kalegeza kamba za buti, anapitia karatasi moja moja. Cha tano sawa. Cha tisa sawa. Binti yangu alishafungua kalamu ya kutilia sahihi. Kufika cha kumi na moja, mkaguzi akarudi nyuma mstari mmoja, akakuna kidevu. Alisema hiki tu hakimwingii akilini.

"Viota ishirini na sita mahali pasipo na mwenyewe? Nauliza tena, nani anapatunza?"

Nikamwangalia binti yangu. Binti yangu akaniangalia mimi, na nadhani ndipo alipoona maji yanayochemka bila mtu kuyahitaji. Kalamu ikabaki hewani.

Mlangoni shemeji alisimama, ndala moja kaivua, nyingine bado mguuni.

"Mwanangu, huyo mtumishi wa mama yako nimemsikia hapo dirishani tangu mchana," akamwambia binti yangu. "Ni ardhi. Miaka miwili namlaza, wa tatu namwamsha kwa ng'ombe." Kisha akamgeukia mkaguzi. "Umeuliza mara mbili, mzee. Ni mimi."