Printa Imezimwa, Anwani Inaitika

"Siku tatu unaninyooshea kidole mimi," fundi wa kompyuta alimwambia mdogo wake, "na wewe hujagusa hata waya."

Mdogo mtu, msaidizi wake hapo ofisini, akajibu kwamba printa ilikuwa nzima mpaka dada yake alipoihamishia meza nyingine. Aliyasema mbele ya meneja, tena kwa sauti ya upole, kama mtu anayemwombea mgonjwa. Meneja akatazama saa. Mikataba ya wateja isipochapwa kufikia saa sita, dada afungashe virago. Akaenda zake.

Printa ilikuwa inachapa kurasa mbili, inanyamaza. Dada alikwishabadilisha waya na kupakia programu upya. Sasa akafanya alilopaswa kulifanya tangu Jumatatu: akaizima kabisa, akaketi kwenye kompyuta na kutuma ujumbe wa kuiita kwa anwani yake ya mtandao, zile namba zinazoitambulisha.

Ikaitika.

Maiti haiitiki. Kulikuwa na kifaa kingine kinachojibu kwa anwani ile.

Hakwenda mbali. Runinga mpya ya ukumbini, iliyofungwa na mdogo wake mwishoni mwa wiki iliyopita, ilikuwa imepewa namba zilezile, hadi ya mwisho. Vifaa viwili, anwani moja. Kazi za printa zilikuwa zinapotelea kwa runinga.

Akamwita. Bwana mdogo akakiri bila hata kuona haya: runinga ilikataa kushika mtandao, naye akanakili namba za kibandiko cha printa, kwa kuwa zile zilikuwa zinafanya kazi.

"Umejua lini kuwa ndiyo shida?"

"Juzi."

Juzi jioni alikula kwa dada yake, akasifu mchuzi, akamwambia asijali, Mungu yupo.

Akaanza kumbembeleza. Dada aseme ni umeme. Damu nzito kuliko maji. Si dada mwenyewe aliyemtafutia kazi hii? Na mama akisikia, presha yake je?

Kikulacho ki nguoni mwako, dada aliwaza. Lakini hii nguo nimeishona mwenyewe.

"Mama nitamwambia mimi," alisema.

Akaipa runinga anwani nyingine, akawasha printa. Mikataba ilipoanza kutoka hakuisubiri iishe. Akafungua mlango wa meneja bila kubisha.

"Aliyeharibu ni mdogo wangu," alisema. "Na alijua."